Mtoto wa Wilaya

Wiki jana niliishia jikoni, nimeinamia sufuria ya wali, huku uani watu wakimpigia Mbambu vigelegele. Wali uliungua. Mama aliingia akauliza nilikuwa wapi. Nilikuwa pale pale, mwiko mkononi.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, mimi ni Phionah wa Bwera, kule mpakani, ambako ukivuka mto Lhubiriha umeingia Kongo. Nilipomaliza kidato cha nne nilitaka kuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nikiwa najiandaa kwenda chuo cha ualimu, vyuo vikaacha kupokea watu wa cheti, kwa kuwa serikali sasa inataka hata mwalimu wa darasa la kwanza awe na shahada. Nilifungiwa mlango nikiwa kizingitini.

Mwaka uliofuata baba yangu, Kosmasi, alifariki. Nikauza ndizi sokoni mpaka nikaichukia harufu ya ndizi. Halafu nikarudi shule, kidato cha tano, mwanamke mzima ndani ya sare, na kwenye dawati langu nikamkuta Mbambu.

Mbambu si ndugu yangu wa tumbo moja. Baba alimleta kutoka Butembo, huko Kongo, akiwa bado anajifunza kuzungumza, mimi nikiwa nimeanza darasa la pili. Alituambia ni mtoto wa ndugu mmoja wa Mama, aliyefia huko. Mama Edisa mwenyewe alizaliwa upande huo wa pili, kwa hiyo hakuna jirani aliyeuliza zaidi. Tukala naye, tukalala naye, akaniita dada.

Tulifanya mtihani wa kidato cha sita pamoja. Tuliomba kozi moja, shahada ya uuguzi, chuo kikuu cha serikali. Matokeo yalipotoka, alikuwa amenipita kidogo. Kidogo tu. Angenipita sana ningemsamehe.

Sherehe ile ya wali ulioungua ilikuwa yake. Jina lake lilikuwa limetoka katika majina ya awali ya wanaosomeshwa na serikali. Wazee wa kanisa walikuja. Wanawake wa sokoni walikuja na kuku. Watu walimwita Sista, kama vile ameshavaa gauni jeupe na kofia.

Mimi walinisalimu kwa huruma. Mtu akikutukana unaweza kumjibu. Akikuhurumia, unamjibu nini?

Kisha akaja Bright. Huyu ni mchumba wangu, yuko mwaka wa pili chuo kikuu Fort Portal, anajilipia kwa shida kwa kahawa ya baba yake. Nilimwona akiingia na sanduku jipya la magurudumu, jekundu, na moyo ukanirukaruka. Alinipita mlangoni akamkabidhi Mbambu.

Alisema mwanafunzi wa chuo hawezi kwenda na gunia. Watu wakacheka. Mbambu akalizungusha sanduku uani kama mtoto, na Mama akapiga makofi. Mimi nilicheka kuliko wote, hadi mashavu yakaniuma.

Baadaye nilimbana Bright nyuma ya jiko. Sikumuuliza habari ya sanduku. Nilimuuliza ilikuwaje Mbambu achukuliwe, wakati tuliambiwa wanaochukuliwa ni wale wa shule kubwa za Kampala.

Alinieleza kwa uvumilivu, kama anavyoeleza mambo yote. Alisema serikali husomesha wanafunzi wachache kila mwaka, na wengi wao huchaguliwa kwa alama tupu, nchi nzima pamoja. Hapo watoto wa shule kubwa huzoa karibu nafasi zote. Wengine wote hujilipia kama yeye. Lakini kuna nafasi chache zilizotengwa kwa kila wilaya, ziitwazo kwota, ili na mtoto wa mlimani asiye na maabara shuleni kwake apate kuonekana. Mbambu aliingia kwa kwota ya Kasese, wilaya yetu.

“Na mimi?” nikamuuliza.

“Wewe ndiye unayefuata. Niliuliza. Jina moja tu likianguka, linapanda lako.”

Nikauliza jina huanguka vipi. Akasema mara nyingi mtu hupata ufadhili mwingine akaacha. Ama wilaya ikaona si mtoto wake. Majina yale ni ya awali, alisema, na kabla hayajapitishwa hurudishwa wilayani, watu wakae, wathibitishe kwamba kila aliyetajwa baba yake ni wa hapa kweli. Kuna wajanja hutoka wilaya nyingine kuja kujipachika.

Alisema hayo akakung'uta vumbi kwenye suruali, akaenda kumsaidia Mbambu kufungua sanduku, maana zipu ilikuwa ngumu.

Mimi nilibaki nyuma ya jiko. Baba yake awe wa hapa kweli. Nilirudia maneno hayo moyoni kama mtu anayeonja mchuzi.

Nyinyi mnaonisoma, sitaki mnihukumu kabla sijamaliza. Kijiba cha roho hakiingii kwa siku moja. Kiliingia siku Mama alipotoa kitenge chake cha harusi, kile cha Kinshasa ambacho hata kukigusa alinikataza, akakikata akamshonea Mbambu gauni. Kiliingia kila jirani alipomwambia Mama kwamba Mungu amemlipa kwa kulea yatima. Kama ningepita mimi, ni nani angesema Mungu amemlipa?

Kitu kimoja tu nilikuwa nacho ambacho Mbambu hakuwa nacho. Nilikuwa na Baba. Yeye alilelewa na Kosmasi. Mimi nilizaliwa naye. Nilipokuwa mdogo alinibeba mabegani kutoka Bwera hadi kwa bibi, kule Kyarumba, njia yote ile ya kupanda, akinionyesha migomba na kuniambia hii yote ni ya kwenu. Ya kwenu, alisema. Niliamini hilo zaidi ya nilivyoamini katekisimu.

Wiki hiyo hiyo nilimwambia Mama nakwenda Kasese kuulizia kozi katika chuo cha ufundi. Alifurahi sana. Alidhani nimekubali hali yangu. Alinifungia viazi vya kula njiani, akanishika shavu, akasema kila mutoto iko na njia yake.

Nililia garini hadi Kikorongo. Baada ya Kikorongo nikafuta macho.

Makao ya wilaya yako Rukoki, nje kidogo ya mji wa Kasese. Nilielekezwa kwa mama mmoja wa ofisi ya elimu, Madamu Kansiime, mnene, mpole, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Alinikaribisha kiti. Alidhani nimekuja kulalamika kama wengine, akaanza kunifariji.

Nikamkatiza. “Madamu, kuna msichana kwenye majina yenu, Mbambu wa Bwera. Huyo si wa wilaya hii. Alitoka Butembo.”

Alivaa miwani. Akauliza nimejuaje, nikasema Bwera nzima inajua. Akauliza mimi ni nani wake.

Nikasema, “Jirani.”

Hakuuliza jina langu, nami sikulitaja. Alisema asante, kazi yao ni kulinda nafasi za watoto wa Kasese, na kwamba wataita familia. Nilitoka pale nikiwa mwepesi. Nilinunua soda nikainywa yote kwa mkupuo mmoja. Niliporudi nyumbani nilimsaidia Mbambu kupiga pasi.

Wito ulikuja kupitia kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee Tsongo, mtu aliyewahi kuwa jeshini na bado anazungumza kama anagawa zamu. Alisimama mlangoni, akakataa kuketi. Alisema Mbambu atahitajika Rukoki pamoja na mzazi na mtu mmoja wa ukoo wa baba, kwa sababu kuna mtu amepeleka neno kwamba yeye ni Mkongo.

Mbambu alikuwa akipepeta maharage. Ungo ulimtoka mikononi.

Nilitarajia atalia. Hakulia. Alikuja akanishika mkono, kiganja chake kikiwa baridi, akaniambia, “Dada, twende wote. Wewe unaongea vizuri kuliko mimi. Utawaambia nimekulia hapa.”

Nikamwambia nitakwenda. Ningesema nini tena?

Mama hakuuliza ni nani aliyepeleka neno. Hilo ndilo lililonikosesha raha. Watu wa sokoni walitaja majina ya maadui mpaka wakachoka, na Mama aliosha tu masufuria ambayo tayari yalikuwa safi. Kisha akanituma Kyarumba kumwita baba mdogo Bwambale, mdogo wake Baba. Nilipanda ule mlima kwa miguu yangu mwenyewe kumwita shahidi.

Baba mdogo ni mtu wa maneno machache. Nilimkuta kwenye kahawa yake. Nilipomweleza, aliniuliza kama Mama ameitwa au ameamua mwenyewe. Sikuelewa swali lake. Nikamjibu kuwa ni wilaya iliyoita. Akatikisa kichwa, akaenda kuvaa koti.

Siku ya kikao Bright alikuja pia. Hakuja kwa ajili yangu. Alikuja kumtia moyo Mbambu, alisema hivyo mwenyewe, na garini walikaa wakizungumza habari za mabweni na jinsi mwanafunzi mpya anavyopotea chuoni. Niliwasikiliza nikijiambia: ongeeni, hamtafika huko.

Chumba cha kikao kilikuwa na meza ndefu na watu watano nyuma yake. Wengine walioitwa walikuwa wamekwisha kusikilizwa. Madamu Kansiime alikuwa katikati. Nilijificha nyuma ya mabega ya baba mdogo, lakini mwenyekiti Tsongo alituamuru tukae mstari mmoja, na nikajikuta ana kwa ana naye.

Alivaa miwani. Akatabasamu, kwa wema kabisa.

“Ah, jirani. Na wewe umekuja. Vizuri, utatusaidia, maana ndiwe uliyetuletea habari hii.”

Mbambu alikuwa bado amenishika mkono. Hakuuondoa ghafla. Aliulegeza kidole kimoja kimoja, akauweka mkono wake mapajani, akatazama mbele. Hakunitazama tena.

Bright aliinuka, akafungua mlango, akatoka.

Baba mdogo alimwambia Madamu kwamba huyu si jirani, huyu ni Phionah, dada yake. Madamu Kansiime akanitazama, akamtazama Mbambu, akashusha miwani. Alikuwa mtu mzima. Alielewa bila kuelezwa. Akasema sababu ya mtu kuleta habari si kazi ya kikao. Kazi ya kikao ni kujua kama habari ni ya kweli.

Tsongo aliulizwa kwanza. Alijibu kwa ufupi wa kijeshi. Alimwona huyu mtoto siku alipovushwa. Kosmasi ndiye aliyembeba. Mtoto alikuwa akisema Kifaransa cha watoto, *maman, maman*. Kosmasi alimwambia ni mtoto wa shemeji zake. Hajui zaidi.

Watu wa mezani walitazamana. Mmoja alisema basi mambo ni wazi. Mwingine akasema ni huruma, lakini kwota ni kwota, na mtoto ni wa kwa baba yake. Moyo wangu ulikuwa ukidunda kwa hofu na aibu, lakini chini kabisa, nisiwafiche, kulikuwa na furaha. Ilikuwa inatikisa mkia kama mbwa.

Ndipo Mama akasimama.

Mama yangu hakusoma zaidi ya darasa la nne. Mbele ya maofisa huwa anainama na kunong'ona. Siku ile alisimama wima, akajifunga kitambaa chake vizuri kichwani.

“Madamu, mi nasema. Huyu mutoto alitoka Butembo, ni kweli. Mama yake alikuwa anaitwa Sylvie, alikuwa anauza chumvi, na alikufa. Lakini haiko mutoto ya ndugu yangu. Baba yake ni bwana yangu. Ni Kosmasi, mutu ya Kyarumba.”

Nilisikia mlio masikioni.

Madamu Kansiime alimuuliza, taratibu, kama ana hakika. Mama akasema Kosmasi alikuwa akienda Butembo kununua bidhaa, na huko ndiko alikompata Sylvie. Alimwambia yote siku ile ile alipomleta mtoto. Ni Mama mwenyewe aliyeamua watu waambiwe vingine, ili mumewe asichekwe na mtoto asinyoshewe kidole.

“Na wewe ukamlea?” aliuliza yule aliyesema mambo ni wazi.

“Nimulee, nimutupe wapi? Mutoto hakosei.”

Baba mdogo Bwambale akasimama bila kuitwa. Alisema ni kweli tupu. Kosmasi alimpeleka Mbambu kwa mama yao Kyarumba, na bibi akamkubali katika ukoo mbele ya wazee. Wawili kati ya wazee hao wako hai, na kikao kikitaka, yeye yuko tayari kuwaleta.

Kikao hakikuwataka. Waliinamiana kidogo, kisha Madamu Kansiime akamwambia Mbambu kwamba jina lake linabaki. Ni mtoto wa Kasese kwa baba, na aende akasome.

Mbambu aliinamisha uso magotini. Mama alimfunika kwa mikono yote miwili. Baba mdogo alimwekea mkono kichwani. Walikuwa watatu, na kiti kimoja kitupu kati yao na mimi.

Nilitoka nje. Nilidhani wivu wangu ulikuwa umefika mwisho wake, kumbe nilikuwa bado mlangoni. Kwanza alikuwa amechukua nafasi, akachukua sanduku, akachukua kitenge. Sasa alikuwa amechukua Baba. Hata yale mabega hayakuwa yangu peke yangu.

Mama alinifuata hadi kwenye nyasi za uani. Nilimgeukia kabla hajasema. Nilimuuliza anawezaje kumpenda mtoto wa mwanamke aliyelala na mumewe. Nilimuuliza anawezaje kumkatia kitenge cha harusi yake, na mimi niliyetoka tumboni mwake kuniachia masufuria. Nilisema mengi. 

Nilipomaliza, alikaa chini kwenye nyasi, hapo hapo, kama mtu aliyetua mzigo.

“Phionah, ulitaka wachimbe. Sasa sikia. Kosmasi alinikuta Hima, huku Uganda. Nilikuwa napikia watu ya malori. Wewe ulikuwa mugongoni kwangu, bado unanyonya.”

Sikuelewa. Au nilielewa, ila masikio yalikataa.

Alisema nilizaliwa Butembo. Kosmasi hakumuuliza habari za baba yangu. Alimwoa, akanipa jina la ubatizo, akatuleta Bwera, na kila aliyeuliza akaambiwa huyu ni mzaliwa wake wa kwanza. Hakuna siku hata moja aliyomkumbusha. Kwa hiyo siku aliporudi na Mbambu kifuani, ameinamisha macho, Mama alimpokea mtoto akaenda kumwosha.

“Yeye alikubeba wewe,” Mama alisema. “Mi ningekataa kubeba wake?”

Nikamuuliza baba yangu ni nani. Akasema anaitwa Anselme, alikuwa fundi wa pikipiki. Hajui kama yuko hai. Nikamuuliza ni nani mwingine anayejua. Akasema Bwambale anajua. Wengine wote wamekufa.

Hapo ndipo nilipoelewa lile swali la baba mdogo kwenye kahawa: alitaka kujua kama Mama ameamua kufichua siri hizi. Na nikaelewa kwa nini Mama hakuuliza ni nani aliyepeleka neno. Alijua ni mimi, akanyamaza, kwa kuwa kunisema mimi kungefungua na jambo langu.

Tulikuwa bado pale kwenye nyasi karani alipotoka akatazama huku na huku, akaita jina langu. Langu, si la Mbambu.

Nilidhani naitwa kukaripiwa. Niliingia na Mama nyuma yangu. Mbambu na baba mdogo walikuwa bado wamekaa. Bright alikuwa amerudi, amesimama ukutani, na nilipompita alitazama viatu vyake.

Madamu Kansiime alisema kuna kijana mmoja wa Hima aliyekuwa kwenye kwota. Leo asubuhi ameleta neno kwamba amepata ufadhili wa kwenda kusoma Algeria, na nafasi ya huku ameiacha. Anayefuata kwa alama katika wilaya ni Phionah wa Bwera. Majina yanarudi Kampala leo. Kwa kuwa niko hapa, na watu wangu wako hapa, wanithibitishe tumalize.

Nafasi ile niliyoitafuta kwa kumzika ndugu yangu ilikuwa imekuja yenyewe, bila kumdhuru mtu. Ningekaa nyumbani nikala viazi vyangu, ingenifuata.

“Ni jambo dogo,” Madamu alisema. “Lakini baada ya haya ya leo, nitauliza kila kitu. Atakayeshuhudia uongo mbele yangu, nitamwandikia mashtaka. Na akiwa naye ana nafasi kwenye kwota, atapoteza yake pia. Haya. Nani wa ukoo wa Kosmasi anashuhudia kwamba huyu ni mtoto wake?”

Mama alifungua kinywa. Madamu akamwinulia mkono kwa heshima, akasema mama ameshasaidia sana, lakini yeye ni wa ng'ambo. Wanataka mtu wa upande wa baba.

Macho yote yakaenda kwa baba mdogo Bwambale.

Baba mdogo alikuwa ameshika kofia yake magotini. Aliigeuza, akaigeuza tena. Ni mzee wa kanisa. Huwa anasoma somo la kwanza kila Jumapili. Alisema, kwa sauti niliyoisikia kwa shida, kwamba yeye ameshasema la kwake kwa siku ya leo, na mdomo wake hauwezi kusema la pili.

Madamu Kansiime alivua miwani. “Mzee, hilo ni ndiyo au hapana?”

Baba mdogo aliinamia kofia yake. Tsongo alikohoa. Mmoja wa watu wa mezani akageuza kiti chake kunitazama vizuri, jinsi wanunuzi wanavyotazama mbuzi.

Nilimtazama Mama. Alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kitambaa, na macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa kwa Mbambu.

Humo chumbani, ukimtoa Bwambale, alikuwepo mtu mmoja tu wa damu ya Kosmasi, aliyethibitishwa mbele ya watu wote muda mfupi uliopita. Sijui Mama alimwambia nini walipokumbatiana pale kwenye viti. Sijui kama alimwambia lolote juu yangu. Uso wa Mbambu ulikuwa umekauka machozi, na haukunionyesha kitu.

Mbambu akasimama. Akanyosha gauni lake.

“Madamu,” alisema, “mimi ni wa upande wa baba. Niulizeni mimi.”

Madamu Kansiime alimkumbusha, pole pole kama mzazi, kwamba hana lazima ya kusema, na kwamba akisema isivyo kweli, uuguzi wake unaishia kwenye meza hii. Mbambu akasema amesikia.

“Basi tuambie. Huyu aliyekuja kukuchongea ni mtoto wa Kosmasi?”

Mbambu alinigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama tangu alipouachia mkono wangu. Alinitazama bila haraka, kuanzia nywele hadi miguu, kama anayeniona nikishuka garini bila kutarajiwa. Kisha akawageukia wale wa mezani.

“Huyu namjua kuliko mnavyomjua nyote,” alisema, akavuta pumzi.